Sidii ya Nne Kwenye Shamba la Mtama

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nimechoka kumsikia jirani yangu Mama Sofia akiisimulia kwa niaba yangu. Yeye kila akiisimulia anaongeza, mara nilianguka, mara kanga ilinidondoka mbele ya walimu. Sikuanguka. Na kanga haikudondoka, niliishika kwa mikono miwili. Lakini mengine yote anayosema ni kweli, na hayo mengine yananitosha.

Mimi ni mwanamke wa Mandawa, nimelima tangu mdogo, nimezika mume, nimewahi kumfukuza nguruwe pori kwenye mihogo yangu kwa sufuria na mwiko (nguruwe mwenyewe alikuwa na watoto, anayemjua nguruwe ataelewa), na sikumbuki kuogopa kama nilivyoogopa zile siku nne, Jumatano mpaka Jumamosi, kwa sababu ya kitu chembamba kama chapati, kina tundu katikati, wala haking'ati.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, simu za mkononi ndiyo zimeingia kwetu, lakini ukitaka kuongea lazima upande kichuguu. Mjukuu wangu Rehema, ambaye nimemlea mimi tangu mama yake alipoolewa Nachingwea, alikuwa amerudi kutoka Mtwara alikosomea kompyuta, na kompyuta yenyewe akaja nayo juu ya lori, imeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Akafungua stesheneri pale senta, na jenereta nyuma ya duka. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili nikatolewa, herufi nazitambua zikiwa kubwa na nikiwa na miwani, lakini nani angenizuia kuringa? Nilikwenda msibani nikasema, mjukuu wangu kompyuta yake ina Linux, siyo ule mfumo wa watu wote, ina Linux, haishiki virusi. Wenzangu wakaitikia kwa heshima. (Linux yenyewe sikujua kama inaliwa au inavaliwa, na wao hawakujua, kwa hiyo tulielewana.)

Ninachotaka mjue ni kwamba zile programu za ndani, zile zinazoifanya mashine iandike, ichore, ielewane na printa, Rehema hakuzipata kwa siku moja. Mtandao wa kuzivutia hapa haukuwepo. Kila moja aliibeba kutoka Mtwara, leo moja, akienda tena mbili, miaka miwili nzima, na zile barabara zetu mnazijua wakati wa mvua. Kulikuwa na ya printa, kulikuwa na ya kuandika sehemu na pembetatu za hesabu, kulikuwa na ya picha za pasipoti, na moja ya karata ambayo tulikuwa tunaijua mimi na yeye tu, maana nilikuwa nacheza mchana wateja wasipokuwepo.

Basi mwaka huo Mwalimu Mratibu wa elimu wa kata akamwamini Rehema, akampa kazi ya kuchapa mtihani wa majaribio wa darasa la saba kwa shule zote za kata. Rehema achape nakala moja safi, shule itoe nyingine kwa mashine yao. Mtihani Jumatatu. Na mratibu alisema mbele ya wazazi, kidole juu: "Mwaka jana mtihani ulivuja. Mwaka huu nikimkamata mtu na hata nusu ya swali, anakwenda polisi Ruangwa na pingu, awe mwalimu, awe nani." Macho yote yakamwendea Rehema. Mimi nikanyoosha shingo kwa fahari. Shingo ile ile!

Wiki hiyohiyo jenereta likakohoa, likazimika ghafla, na mashine ilipowashwa ikawa inafika katikati inagoma, inaonyesha ukurasa mweusi wenye maandishi meupe. Rehema akamwita fundi Akwilini kutoka Nachingwea, akaja Jumatano na pikipiki, vumbi mpaka kope. Akakaa nayo asubuhi nzima. Nilipowapelekea ugali wa mchana nikakuta mezani sidii nne. Tatu ziko pembeni, moja iko karibu na mashine, ina karatasi nyeupe iliyobandikwa, imeandikwa kitu kwa kalamu.

"Hizi mnazifanyia nini?" nikauliza, nikionyesha zile tatu.

"Zimeungua bibi, nilikosea kuandika, hazina kazi tena," akasema Akwilini.

"Nipe basi nikatishie ndege."

Akacheka. "Chukua bibi, chukua zote tatu."

Mtama wangu wakati huo ulikuwa umeingia maziwa, na mnajua mtama ukiingia maziwa ndege wanavyokuwa. Mtu anashinda juu ya dungu la kulindia anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na magoti yangu ya dungu yalikwisha. Lakini sidii ukiifunga kamba ikawa inazunguka na jua, inamulika kama kioo, ndege haji. Basi Rehema na fundi wakatoka nyuma kuangalia jenereta, mimi nikabaki na sidii zangu tatu mkononi, na hapo ndipo shetani aliponikuta. Shamba langu lina pembe nne.

Nikaitazama ile ya nne. Ndiyo iliyokuwa inang'aa kuliko zote. Nikajiambia, watoto hawa wana sidii nyingi, watatengeneza nyingine. Miwani niliiacha nyumbani, ile karatasi sikuisoma, na nisiseme uongo, hata ningekuwa na miwani nisingeisoma, maana nilikuwa na haraka kabla hawajarudi. Mtu anayechukua chake hana haraka. Nikaitia ndani ya kanga, nikaondoka. Jioni pembe zote nne zilikuwa zinameremeta, nikasimama katikati ya mtama wangu nikacheka peke yangu kama bibi harusi.

Alhamisi mchana nikaenda dukani na maji ya kunywa. Nikamkuta Rehema yuko chini ya meza, anatafuta kwa mikono, na Akwilini amekaa kwenye ndoo, kichwa amekishika.

"Bibi," Rehema akasema, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, "jana hukuona sidii moja hapa, ina karatasi nyeupe?"

Nikauliza, "Ilikuwa na nini?"

Akwilini ndiye aliyenieleza, na alinieleza vizuri, laiti angenieleza jana. Akasema, bibi, mashine hii ni kama nyumba. Kazi za Rehema, barua na mtihani, ziko kwenye ghala la peke yake, hilo sikuligusa. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa imeoza, ilibidi niibomoe nijenge upya, na leo nimeibomoa, nimejenga. Sasa programu ni kama vile vyombo vilivyojengewa ukutani, ukuta ukianguka vinaondoka nao. Kwa hiyo kabla ya kubomoa niliandika orodha ya programu zote zilizokuwemo, na zenyewe nikazikusanya kutoka kwenye mashine, orodha na programu nikavitia kwenye sidii moja. Nyumba mpya ikishasimama unaipa orodha, unaipa sidii, inajirudishia yenyewe kila kitu, kama hakikutokea kitu.

"Ni mbegu, bibi," akasema. "Nilikuwa nimetoa mbegu kabla ya kuchoma shamba."

Mbegu! Mimi ambaye mbegu zangu naziweka juu ya jiko zile moshi, panya asizifikie, mvua isizifikie, nilikuwa nimeitundika mbegu ya mtu juani.

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni, lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini Akwilini alikuwa ananitazama, mgeni wa watu kutoka Nachingwea, na mimi ndiye bibi wa Linux niliyeringa msibani, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi nilichukua zile tatu mlizonipa."

Si mnaona? Hata uongo haukuwa. Tatu nilipewa, tatu nilichukua, ya nne sikuulizwa. Uongo wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote, maana unaufuga ndani kwa raha.

(Na huyu Akwilini naye nimlaumu kidogo. Fundi gani anabomoa nyumba kabla ya kuhakikisha mbegu ipo? Alikiri mwenyewe kwamba alidhani iko kwenye mkoba wake. Lakini tuendelee.)

Rehema akafungua mtihani mbele yangu, kuonyesha. Mtihani ulikuwepo, neno kwa neno. Lakini upande wa hesabu, palipokuwa na sehemu na pembetatu, pamejaa vijumba vitupu, vijumba, vijumba, kama makaburi. Na printa hata ikiguswa haikuitika. Akwilini alikuwa amepanda kichuguu kumpigia mwenzake wa Mtwara, akaambiwa sidii nyingine ikitumwa itafika Jumanne. Mtihani Jumatatu.

"Nitamwambia nini mratibu?" Rehema akasema, polepole, anajiambia mwenyewe. "Aliniamini mimi."

Nikapanga akilini: nitakwenda shamba, nitaishusha, nitaiingiza chini ya kabati, nitasema, aa, si hii hapa? Lakini jua lilikuwa linaelekea kuzama, na upande wa Narung'ombe tembo walikuwa wameshaonekana wiki hiyo, nikaogopa. Nikasema kesho. Usiku ule sikulala, na hayo ya usiku tuyaache.

Ijumaa alfajiri umande bado mzito, niko shambani. Pembe ya kwanza, sidii ipo. Ya pili, ipo. Ya tatu, ipo. Ya nne nikaona mti umesimama na kamba inaning'inia tupu. Nikaishika ile kamba. Haikukatika kwa upepo. Ilikatwa kwa kisu, safi.

Jamani, nilikaa chini kwenye mtama. Nikamsikia tetere analia juu yangu, nikaona ananicheka. Nani anaamka alfajiri kuiba sidii? Nikazunguka siku nzima, nyumba hadi nyumba, nauliza bila kuuliza. "Hamjaokota kitu?" "Kitu gani, bibi?" "Basi tu, kitu." Wakanitazama wakadhani uzee umenipanda kichwani. Nikapita duka nikamwona Rehema kwa mbali, amekaa mbele ya mashine mikono mapajani, nikageuza njia. Bibi yake mzazi nikageuza njia kama mdaiwa.

Jumamosi asubuhi ndipo lilipopasuka. Niko dukani nafagia (nilijitolea kufagia, dhambi inatia mtu bidii), nikaona watu wanakuja barabarani, mbele Mwalimu Mratibu, pembeni yake mwalimu mkuu wetu, nyuma mgambo Issa na sare yake, na nyuma ya mgambo senta nzima. Mratibu ameshika kitu kwa vidole viwili, mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika nyoka mkiani. Kinang'aa.

"Rehema," akasema. Hakusalimia hata. "Hii ni ya nani?"

Rehema akaangaza, masikini, akafurahi! "Ni yangu mwalimu! Mmeipata wapi? Naitafuta tangu juzi!"

"Mgambo ameikata juzi jioni kwenye mtama ilikotundikwa, njia ya kwenda kwa shemeji yake. Ina jina la duka lako. Imeandikwa 'usitupe'." Akameza mate. "Wewe una mtihani wa kata yangu ndani ya mashine hii. Sasa nieleze, sidii yako inafanya nini porini?"

Furaha ikamtoka Rehema usoni kama maji yanavyotoka kwenye ungo.

"Sijui mwalimu."

"Hujui."

"Wallahi sijui."

Mtu akasema nyuma, "Anaitafuta, wakati wateja wameshaiona!" Mwingine akadakia, "Kumbe siku hizi mtihani unaanikwa mtamani!" Na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa darasa la saba akapiga kelele kwamba ndiyo maana wana wa watu wanafaulu na wake hawafaulu. Akwilini akajaribu kueleza nyumba na ghala na mbegu, wakamwambia wewe wa Nachingwea nyamaza, au na wewe umo? Mgambo Issa akatia mkono mfukoni, nikasikia chuma kinalia.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya mgongo wa Mama Sofia, na ufagio. Mama Sofia ni mpana, ananitosha. Na hili ndilo ambalo hata Mama Sofia halisimulii kwa sababu hakuliona, nalisema mimi: chuma kilipolia nilirudi nyuma hatua moja. Hatua moja, mlango uko pale, nje jua. Nilimlea mtoto yule kwa uji wa mtama na maziwa ya kuombaomba, na nilirudi nyuma.

Kisha Rehema akageuka akanitafuta na macho. Akaniona. "Bibi," akasema, "waambie. Wewe unajua mimi siyo mwizi."

Ufagio ukaniponyoka. (Mama Sofia, huo ndio uliodondoka, siyo kanga.)

"Niliitundika mimi," nikasema.

Mama Sofia akasogea pembeni, nikabaki wazi.

"Umesema nini, mama?" mratibu akauliza.

"Niliichukua hapa mezani mimi, yeye hakujua, nikaitundika shambani. Kwa ajili ya ndege."

Watu wakaguna. Mratibu akatikisa kichwa, akanishushia sauti kama mtu anayesema na mgonjwa. "Bibi, tunaelewa. Ni mjukuu wako. Lakini usimkingie."

"Simkingii! Nendeni mkaone, nyingine tatu bado zinaning'inia!"

"Hizo tatu ulizipata wapi?"

Akwilini akasema, "Hizo nilimpa mimi mwalimu, zilikuwa mbovu."

"Sasa," mratibu akasema, na nikaona anaanza kunishika kama anavyomshika mwanafunzi, "ulipewa tatu, bure, kwa roho safi. Kwa nini ulichukua na ya nne?"

Kanga nimeikaza kwa mikono miwili, watu wote wa senta wananitazama, nikasema ukweli wenyewe ulivyo.

"Shamba langu lina pembe nne."

Ilianza kwa mtu mmoja nyuma. Kisha wakapasuka wote. Mgambo Issa alicheka mpaka akashika ukuta. Yule mama wa darasa la saba alikaa chini. Hata mwalimu mkuu aligeuza uso. Lakini mratibu hakucheka, na Rehema hakucheka, na mimi nikiwaangalia wale wawili nilijua bado hatujapona, maana kicheko siyo ushahidi.

"Kama ndani yake hamna mtihani," mratibu akasema, "iwekwe kwenye mashine, tuone sote."

Akwilini akaipokea. Siku mbili za jua, umande, vumbi, na upande mmoja ndege ameshaweka lake (yule yule aliyepaswa kuogopa). Akaipuliza, akaifuta na shati lake polepole, kutoka katikati kwenda nje, akaigeuza kwenye mwanga, akasonya. "Imechubuka," akasema. Akaitia. Mashine ikaanza kulia, krrr, krrr, ikanyamaza, krrr. Kioo kikabaki vilevile. Rehema alikuwa amefumba macho. Nikasoma Yasini yote niijuayo, na sijui hata nusu, nikarudia ileile.

Kisha maandishi yakaanza kupanda. Mstari, mstari, mstari. Mratibu akainama, akasoma kwa sauti, na kila alichosoma kilikuwa jina la programu, majina ya ajabu yasiyo na swali la hesabu wala la maarifa ya jamii hata moja. Alisoma mpaka akachoka. "Haya yote ni nini?"

"Ndiyo orodha mwalimu," Rehema akasema. "Inarudisha kilichokuwemo."

Pale palipochubuka mashine ikagoma mara mbili, Akwilini akairuka, ikaendelea. Tulisimama hapo, mkutano mzima, mpaka kivuli cha paa kikahama. Mwisho Rehema akafungua ukurasa wa hesabu, akaukinga na mwili wake watu wasione, akamwonyesha mratibu peke yake. Mratibu akatazama vile vijumba vilivyokuwa vitupu, akatikisa kichwa, ndiyo. Sehemu zilikuwa zimerudi mahali pake.

"Na printa?" akauliza. "Usichape mtihani. Chapa kitu kingine, nione inafanya kazi."

Rehema akafikiri. Akaandika, tap tap tap. Printa ikaguna, ikajinyoosha, ikatema karatasi. Mratibu akaichukua akaisoma, na hapo ndipo naye alipocheka, akaipitisha kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu kwa mgambo, ikazunguka senta yote kabla ya kunifikia mimi. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, kubwa kiasi kwamba hata bila miwani nilisoma:

SHAMBA LA BIBI LINA PEMBE NNE.

Karatasi ile iko ukutani pale stesheneri mpaka leo, imekuwa ya manjano, na kila mteja mgeni lazima aulize, na kila akiuliza kuna mtu wa kumsimulia.

Jumatatu watoto walifanya mtihani wao. Kazi ya kata Rehema akaendelea nayo. Watu walipoondoka siku ile hakunigombeza, aliokota ufagio akanipa, akasema kitu kimoja tu: "Bibi, Alhamisi nilikuuliza." Basi. Ningefurahi angenipiga.

Programu mbili hazikurudi, zilikuwa pale palipochubuka. Ya picha za pasipoti aliifuata tena Mtwara. Ya karata nilimwambia aiache.

Siku hizi kwa Rehema sigusi kitu. Hata kifuniko cha sufuria nauliza, hiki ni cha nini, kina mbegu ya mtu? Ananicheka, mimi nauliza tu. Na mwaka ule sidii tatu zilibaki kwenye pembe tatu, kwenye pembe ya nne sikutundika kitu, wala kopo, wala kitambaa, wala mimi mwenyewe kwenda kupiga kelele. Ndege waliila ile pembe mpaka ikabaki mabua matupu. Nilikuwa napita, nawaona wanakula, nawaacha wale.